Kilele Kisichotarajiwa: Jibu la Maabara au Swali Jipya?

Mwaka 1989, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, mtoto mchanga alifikishwa hospitalini akitapika na kupumua kwa shida. Maabara ilieleza kuwa damu yake ina ethilini glikoli, sumu inayotumika katika maji ya rejeta ya magari. Mtoto alifariki mwaka huohuo, na mwaka 1991 mama yake alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kumuua.

Kipimo kilichotumika ni kromatografia ya gesi. Sampuli hugeuzwa kuwa mvuke, kisha husukumwa na gesi kupitia mrija mrefu mwembamba. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake na kuchorwa kama kilele kwenye grafu. Hapo ndipo penye mtego, kwani kemikali mbili tofauti zaweza kutoka karibu kwa wakati mmoja.

Ndivyo ilivyotokea. Akiwa mahabusu, mama huyo alijifungua mtoto wa pili, naye akagunduliwa kuwa na asidemia ya methilimaloniki, ugonjwa wa kurithi unaouzuia mwili kuvunja baadhi ya sehemu za protini na mafuta. William Sly na James Shoemaker wa Chuo Kikuu cha Saint Louis walipoipima upya damu ya marehemu, walikuta asidi ya propioniki, zao la ugonjwa huo, wala si ethilini glikoli. Mama aliachiwa huru mwaka 1991.

Kilele kigeni kinapoonekana, mtaalamu hupima kwanza sampuli tupu, yaani kiyeyushi kilichopitia maandalizi yote bila damu ya mgonjwa. Kilele kikibaki, chanzo ni uchafu: mabaki ya sampuli iliyotangulia, chupa, au mpira wa kuingizia sindano uliochakaa. Kikitoweka, yaelekea kimetoka kwa mgonjwa. Hapo hutumika mrija wa aina nyingine, kisha spektrometa ya masi, inayotambua kemikali kwa uzito wa vipande vya molekuli zake.

Tabibu naye aandike kwenye fomu dalili na dawa anazotumia mgonjwa, na aulize kama jibu limethibitishwa kwa njia ya pili. Mzazi aliyewahi kufiwa na mtoto mchanga aseme mapema, kwa kuwa habari hiyo yaweza kuelekeza uchunguzi kwenye ugonjwa wa kurithi kabla mtu hajatuhumiwa.