Korongo Ndani ya Korongo

Ukishuka kutoka Sumbawanga kwenda bonde la Ziwa Rukwa, uangalie vizuri ukingo wa Ufipa. Korongo kubwa limegawanyika kuwa madogo, na kila dogo lina matawi yake, hadi kufikia kamfereji ka mvua shambani. Umbo ni lilelile. Benoit Mandelbrot aliyapa maumbo ya aina hii jina la fraktali. Mwaka 1967 aliuliza: pwani ya Uingereza ina urefu gani? Inategemea rula yako! Rula ikiwa fupi, inaingia kila kona, na pwani inarefuka. Ukingo wetu nao ndivyo ulivyo: ramani inaunyoosha, kumbe mmomonyoko unaanzia kwenye vifereji ambavyo ramani haivioni. Kafereji unakaziba kwa jembe. Kakishakuwa korongo, utatafuta katapila.