Kitambaa cha unahodha si zawadi ya mabao

Kaa kijiwe chochote cha kahawa pale Kariakoo, mjadala wa nahodha hauishi. Huyu atasema apewe mkongwe, yule atasema staa, wa tatu anamtaka yule anayemzonga refa kila filimbi ikilia.

Januari 2016 mjadala huo uliikumba Taifa Stars. Siku chache baada ya Mbwana Samatta kutwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, Kocha Charles Boniface Mkwasa alimpa kitambaa kilichokuwa cha Nadir Haroub 'Cannavaro'. Beki huyo wa Yanga akatangaza kustaafu Stars. Vijiweni watu wakagawanyika, na hoja ya upande wa Samatta ilikuwa nyepesi tu: jamaa anafunga.

Hapo ndipo tunapochanganya mambo. Kufunga ni kazi ya straika. Kazi ya nahodha ni nyingine, na ukitaka kuiona vizuri rudi Copenhagen, Juni 12, 2021.

Denmark wanacheza na Finland, mechi yao ya kwanza ya Euro. Dakika chache kabla ya mapumziko Christian Eriksen anaifuata mpira wa kurushwa, anadondoka. Hakuna aliyemgusa. Moyo umesimama.

Nahodha Simon Kjær, beki wa kati, anawahi kumuweka sawa mwenzake kabla madaktari hawajaingia. Kisha anawapanga wachezaji wasimame duara kumzunguka Eriksen, kamera zisimuone. Ukitazama picha zile, wengi wamegeuza migongo, wengine wanalia. Mwenza wa Eriksen anashuka uwanjani, na ni Kjær pamoja na kipa Kasper Schmeichel wanaokwenda kumshika na kumtuliza. Yote hayo bila hotuba.

Eriksen akapata fahamu, akapelekwa hospitali. Mechi ikaendelea usiku uleule. Finland wakafunga kwa kichwa cha Joel Pohjanpalo, Denmark wakakosa penalti, ikaisha 1-0.

Lakini kuna kitu wengi wamekisahau. Kjær hakumaliza mechi ile. Kipindi cha pili alitoka, na Kocha Kasper Hjulmand alieleza baadaye kwamba beki huyo, rafiki mkubwa wa Eriksen, alijaribu akashindwa kuendelea. Kwetu nahodha akiomba kutoka kwa sababu kama hiyo tungemuita mlegevu, kesho yake angeamka na jina la utani. Mimi naona alifanya sahihi. Beki wa kati ambaye kichwa hakipo uwanjani anaigharimu timu, na yeye alilijua hilo kabla ya kuambiwa.

Denmark ile ikafika nusu fainali, ikatolewa na England 2-1 Wembley kwenye muda wa nyongeza. Bao la kusawazisha la England alijifunga Kjær mwenyewe. Mwaka huohuo UEFA wakampa tuzo ya rais wao, yeye na madaktari waliomuokoa Eriksen.

Turudi kwa Samatta. Machi 24, 2019, Stars iliichapa Uganda 3-0 Uwanja wa Taifa na kufuzu Afcon baada ya miaka 39. Wafungaji walikuwa Simon Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti na Aggrey Morris. Nahodha hakufunga hata moja, na usiku ule sidhani kuna kijiwe kilichomuuliza.