Lori Kuukuu la Majani ya Chai na Maradhi ya Injini Yake

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, majani yakisha kuchumwa hayangoji mtu. Jani bichi lililomo guniani lingali hai. Hupumua na kutoa joto, na likirundikwa kwa muda mrefu huungua lenyewe, likageuka jekundu, na kiwanda hakilitaki. Kwa hiyo lori likikwama mlimani saa kumi ya jioni, hasara si ya mwenye lori peke yake. Ni hasara ya kila mkulima aliyeamka alfajiri kuchuma majani mawili na kichipukizi. Tangu K.T.D.A. ilipoundwa mwaka 1964 kuwahudumia wakulima wadogo, kazi ya kuyatoa majani vituoni na kuyafikisha kiwandani siku ile ile imetegemea lori.

Malori mengi ya kazi hii ni ya siku nyingi. Lori kuukuu si baya likitunzwa, na injini yake ya dizeli ni rahisi kufahamika kuliko zile za kisasa. Ubaya ni desturi ya watu wengi kukimbilia spana kabla ya kufikiri. Mtu hufungua pampu, akanunua nozeli mpya, na mwisho ikaonekana kwamba kilicholegea kilikuwa ni mpira wa mafuta tu.

Yafaa kwanza kujua namna injini hii inavyofanya kazi. Rudolf Diesel, Mjerumani, alifaulu kuiendesha mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Haina plagi za kutoa cheche. Pistoni huigandamiza hewa ndani ya silinda mpaka joto lake lipite digrii 500 za sentigredi. Kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo hushika moto yenyewe. Basi mahitaji yake ni manne: dizeli safi, hewa ya kutosha, mgandamizo mzuri, na stata yenye nguvu ya kuizungusha. Karibu kila kosa la kukataa kuwaka limo katika mojawapo ya hayo manne, na mwenye busara huanza na lile lisilogharimu kitu.

Injini ikikataa kuwaka, sikiliza stata. Ikizunguka kwa uvivu, safisha ncha za betri na kukaza waya zake kabla ya kulaumu jambo lingine. Ikizunguka vizuri, tazama bomba la moshi. Kama hapana moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda: angalia tangi, kisha waya wa kuzimia injini kama haukukwama, kisha chujio. Moshi mweupe ukitoka na injini isiwake, dizeli inafika lakini haiungui. Huenda ni baridi ya asubuhi, au mgandamizo umepungua.

Hewa ikiingia katika njia ya mafuta, hapana budi kuitoa. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha stata mpaka dizeli ionekane, ukaze tena. Lakini usiweke mkono mbele ya nozeli inayonyunyiza: dizeli ile hupenya ngozi, na aliyepatwa yampasa kwenda hospitali mara moja, hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Tena, utaratibu huu ni wa injini za zamani. Zile mpya zinazoongozwa na kompyuta zisifunguliwe hivyo kamwe.

Kuna maradhi mengine yanayojulikana sana na madereva wa milima hii. Lori huenda vizuri penye tambarare, lakini likipanda na mzigo hupoteza nguvu na kuzima. Likipumzika kidogo huwaka kama kwamba halikuwa na neno. Mara nyingi chujio la dizeli limeziba, au tundu la hewa la kifuniko cha tangi limejaa matope. Fungua kifuniko, ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, umepata kosa bila ya kutumia senti moja. Maji nayo hukaa chini ya dizeli, kwa hiyo yafaa kuyamwaga asubuhi kabla ya kuwasha, na kulijaza tangi jioni ili unyevu usipate nafasi ya kugeuka maji. Jihadhari pia na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hailainishi pampu vizuri. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia udanganyifu huo.

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya ugonjwa wa injini ni moshi. Moshi wa samawati maana yake oili inaungua. Mweupe usiokwisha, na maji ya rejeta yakipungua, waonyesha gasketi iliyopasuka. Mweusi maana yake dizeli imezidi hewa: tazama chujio la hewa, hasa wakati wa vumbi, kisha nozeli. Kumbuka pia kwamba Kericho iko yapata meta 2,000 juu ya bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika tano. Pampu iliyopimwa Mombasa yaweza kutoa moshi mweusi hapa bila ya kuharibika.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kimo, maji yasiyofungiwa huchemka hapa kwa digrii 93 badala ya 100. Kifuniko kibovu cha rejeta huleta taabu upesi. Angalia mkanda wa feni, na uondoe matope na majani yaliyoziba rejeta. Wala usikifungue kifuniko kabla injini haijapoa.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Wako madereva wanaozima injini mteremkoni ili kubana dizeli. Katika lori lenye breki za upepo, injini ndiyo inayojaza upepo huo; ikizimwa, breki zaweza kuisha kabla ya mlima kwisha. Majani yaliyoharibika yatachumwa mengine baada ya siku chache, lakini roho ya mtu haioti tena kama chai.