Hesabu za Sikukuu: Kashata, Maandazi na Visheti Vilivyobaki (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliangalia vizibo vya soda, vijiti na kokoto, zana ambazo mwalimu wa madarasa ya chini hazimgharimu kitu. Leo tuje kwenye zana zinazoliwa. Mfano wetu ni Idi ya Mfungo Mosi katika nyumba za pwani, kwa sababu jiko la siku ile limejaa hesabu ambazo wapishi hawaziiti hesabu.

Tuanze na kashata. Nazi na sukari zikishashikana, humwagwa kwenye trei lililopakwa mafuta, zikasawazishwa na kukatwa zingali na moto, maana zikipoa hazikatiki, zinavunjika. Mwalimu wa darasa la tatu achore trei hilo ubaoni na kuuliza: nikikata mara 4 kwa urefu na mara 5 kwa upana, nitapata vipande vingapi? Darasa zima litaitikia 20. Kata sasa, wahesabu: ni 30. Kisu kikipita mara 4 huacha mikanda 5, kikipita mara 5 huacha mikanda 6, na 5 mara 6 ni 30. Watu wazima nao huanguka hapohapo wanaponunua nguzo za uzio, wakasahau kwamba nafasi 10 zinahitaji nguzo 11.

Lakini kashata za sikukuu hazikatwi hivyo. Hukatwa mshazari, zikatoka misambamba katikati na pembetatu pembezoni. Zile pembetatu ndizo wanazopewa watoto wanaozungukazunguka jikoni, na hapo huzuka ugomvi wenye faida: aliyepata pembetatu mbili amepunjwa, au yuko sawa na aliyepata kashata nzima? Waacheni wazibandike ubavu kwa ubavu waone. Mtoto wa miaka 8 atakuwa amelishika eneo kwa vidole, miaka kadhaa kabla ya kuandikiwa kanuni yake.

Je, chakula kinasaidia kweli kufikiri, au kinamfurahisha mtoto tu? Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto wadogo, kwa kawaida kabla ya kufika miaka 7 hivi, hudanganywa na urefu: tandaza safu ya vitu, watasema vimeongezeka. Mwaka 1967 Jacques Mehler na Thomas Bever walichapisha katika jarida la Science jaribio walilowafanyia watoto wa miaka 2 hadi 4. Safu moja ilikuwa na vitu 4 vilivyoachanishwa, nyingine vitu 6 vilivyobanana. Kwa vidonge vya udongo, wengi walikosea. Walipowekewa peremende za M&M's na kuambiwa wachague safu ya kula, hesabu zao zilinyooka zaidi, wakaiendea yenye 6 ijapokuwa fupi. Piaget hakukubaliana nao na akawajibu mwaka uliofuata. Mimi naona kila mama aliyewahi kugawa kaimati kwa watoto wawili angeweza kuwaamua.

Hata hivyo, utamu una hila yake. David Uttal na Judy DeLoache, wanasaikolojia wa Marekani, wameeleza kwamba kitu kikimvutia mtoto mno kwa chenyewe, inamwia vigumu kukiona kama alama ya kitu kingine. Nilijifunza hilo kabla sijasoma maandishi yao. Niliingia darasani na biskuti, 12 kwa kila kikundi, nikageuka kuandika 12 toa 5. Niliporudisha uso na kuuliza zimebaki ngapi, kijana wa mbele alijibu kwa ukweli mtupu: “Sifuri, mwalimu.”

Tangu siku ile sharti langu ni moja. Kwanza andika, ndipo ule. Tena ulaji wenyewe uwe ndiyo hesabu. Kama biskuti inatumika mahali ambapo kokoto ingetosha, heri kokoto, haina makombo.

Andazi linalipita kokoto kwa mbali, kwa kuwa linakatika. Donge la unga husukumwa duara, kisu kikapita mara mbili kwa kukingamana, zikatoka robo 4. Kikipita tena mara mbili, zinakuwa thumuni 8. Ubaoni, mtoto akiulizwa kipi kikubwa, 1/4 au 1/8, wengi watachagua 1/8 kwa kuwa 8 inaishinda 4. Mwekee robo na thumuni ya andazi lilelile, umwambie achukue moja. Hakosei. Baada ya hapo ndipo umweleze kwamba asili inasema kitu kizima kimegawanywa mara ngapi, na kiasi kinasema amechukua vipande vingapi. Ila ukataji huo ufanywe kabla ya kukaanga! Maandazi yakishafura kwenye mafuta, robo 4 hazirudi tena kuwa duara.

Na hapa Kiswahili chenyewe kinatubeba. Nusu, robo, thuluthi, sudusi, thumuni: majina haya ya Kiarabu yamekaa kwetu kwa karne nyingi, na bado yanafanya kazi kwenye mirathi ya Kiislamu, ambako mjane hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Kinachovuruga ni sarafu. Senti 50 tumeizoea kwa jina la thumuni, na senti 50 ni nusu ya shilingi. Mtoto akiuliza kwa nini, msifu kwanza.

Visheti vinafaa kugawanya kwa baki. Tuseme nyumba imepika visheti 50, na majirani 7 watapelekewa sahani yenye 6 kila mmoja. Wanafunzi watoe 6, watoe 6 tena, mpaka sahani ya saba: vimekwenda 42, vimebaki 8. Sasa waulize vile 8 vifanywe nini. Mmoja atasema kila sahani iongezwe kimoja na cha mwisho kibaki nyumbani. Mwingine atasema wenye nyumba nao hawajaonja. Kitabuni baki huandikwa pembeni likasahaulika, hapa linadai uamuzi.

Kuna na chakula kisicho kitamu, zakatul-fitri, inayotolewa kwa kila mtu wa nyumba, mchanga kwa mzee, kabla ya sala ya Idi. Wengi huihesabu pishi moja kwa kichwa, na pishi ni vibaba 4. Nyumba ya watu 6 itoe vibaba vingapi? 24. Wakichukua kilo 2.5 kwa mtu, ni kilo 15. Lete kibaba na ndoo ya mchele darasani, wapime wenyewe, kisha mchele urudi guniani ulikotoka.

Machache ya tahadhari. Somo hili lifanywe baada ya Idi, si ndani ya Ramadhani, maana wapo watoto wanaofunga, na kuwatandazia kashata mbele yao ni ukatili. Kashata za njugu ziulizwe kwanza kwa wazazi, kwa kuwa kuna mtoto ambaye njugu moja humpeleka hospitali. Mikono ioshwe. Sukari iwe kidogo. Kipande kimoja kwa mtoto kinatosha somo zima.

Juma lijalo tutakwenda kwenye chapati za Krismasi. Kabla ya hapo, jaribuni nyumbani: chapati moja, kisu kipite mara 3 kwa kunyooka, bila kuikunja wala kupandanisha vipande. Vingi kabisa vinavyoweza kupatikana ni vingapi? Si 6.