Je, Wajua? Mwisho wa Mobutu Ulifika Hadi Kigoma
Filamu ya Thierry Michel, *Mobutu, roi du Zaïre* (1999), inamfuata mtawala huyo wa Zaire (Kongo ya leo) hadi anguko lake, Mei 1997. Wapo watakaosema yatosha, kwani udikteta huanguka ikulu. Sikubali: raia wa kawaida waliubeba mgongoni. Tangu 1996, wakazi wa Kivu Kusini, mashariki mwa nchi hiyo, waliokimbia vita vilivyomng'oa Mobutu walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ikafunguliwa mwaka huohuo kuwapokea. Utawala ulipoanguka, MV Liemba, meli iliyoundwa na Wajerumani, iliwarudisha makwao wakimbizi zaidi ya 75,000. Safari hiyo nayo ingestahili filamu yake, hasa kwa kuwa Agosti 1998 vita vilizuka upya, watu wakavuka tena.