Kinyonga Mikononi mwa Watoto Wetu

Hapa petu Handeni na Korogwe, mvua zikinyesha, vinyonga huonekana vichakani na njiani. Watu wazima wengi wakimwona humkimbia, wakisema ati ana sumu na ni mkosi. Watoto humpiga mawe. Wako na wengine wenye huruma, ambao humchukua wakamfuga. Hao ndio tuliokusudia kusema nao leo, kwa kuwa huruma isiyo na maarifa yaweza kuua kama jiwe.

Kisa chenyewe chatuhusu sisi wenyewe. Mwaka mmoja wanafunzi wetu walituletea kinyonga jike, mnene, wa rangi ya majani mabichi. Tukawaruhusu wamweke ndani ya sanduku la mbao. Walimwekea maji katika kisahani na panzi watano. Siku mbili alikula, siku ya tatu akaacha. Akawa hatulii, akikwaruza pembe za sanduku mchana kutwa. Mtoto mmoja akasema, "Maalim, huyu ataka kutoka." Tukamjibu kwamba atazoea. Siku ya saba tulimkuta amekufa. Mzee mmoja jirani akampasua, tukaona tumbo zima limejaa mayai. Kumbe alikuwa akitafuta udongo! Yule mtoto alisema kweli, nasi tulikosea.

Basi yafaa tuyajue haya. Kinyonga wa nchi ya chini, yule mwenye mikunjo ya ngozi mfano wa masikio nyuma ya kichwa, hutaga. Wakati wake ukikaribia, jike huacha kula, hushuka mtini, hutafuta udongo laini wenye unyevu, akachimba shimo, akataga makumi ya mayai, akayafukia na kwenda zake. Mayai hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Asipopata mahali pa kuchimba, huyazuia tumboni, na aghalabu hilo humwua. Kwa hiyo mwenye jike mnene asiyetulia asikawie. Ampe chombo chenye udongo na mchanga uliolowana kidogo, kina chake shubiri moja au zaidi, na amwache peke yake bila kumchungulia. Na lililo bora kuliko hilo ni kumrudisha kichakani alikotolewa.

Chakula chake ni wadudu walio hai: panzi, nzi, nyenje na mfano wa hao. Ulimi wake ukifyatuka hupita urefu wa mwili wake. Maji ya kisahani aghalabu hayatambui. Yeye hunywa matone yaliyo juu ya majani, basi majani yanyunyiziwe asubuhi na jioni. Ahitaji matawi, hewa, jua na kivuli. Wawili wasiwekwe pamoja, maana hugombana. Sumu hana. Akiwa mweusi na kujifutua, hiyo ni hofu au ghadhabu, na aachwe.

Juu ya Milima ya Usambara wako vinyonga wasiopatikana pengine po pote duniani. Mwaka 2006 wataalamu waliipa jamii moja ya vinyonga hao jina la Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili. Kwa miaka mingi vinyonga wa milima yetu walisafirishwa kuuzwa ng'ambo, mpaka mwaka 2016 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyama pori walio hai. Basi wazazi, akija mtu na fedha zake akitaka watoto wenu wamkusanyie vinyonga, msikubali. Mnyama wa porini hafugwi wala hauzwi ila kwa kibali.

Wako vijana wanaotoa hoja ya mjusi, wakisema imeamriwa auawe. Twawajibu kwamba aliyetajwa katika Hadithi ni wazagh, yule mjusi wa kutani. Kinyonga kwa Kiarabu ni hirbaa, naye ni mnyama mwingine. Bali tuikumbuke habari waliyoipokea Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, asimlishe, wala asimwache ajitafutie mwenyewe. Sisi yule jike tulimpa panzi, tukadhani tumetimiza wajibu. Alilolihitaji zaidi ni kuachwa ajitafutie, na hilo tulimnyima.

Mwaka uliofuata watoto walituletea jike mwingine. Mara hii tulimweka chini ya mwarobaini nyuma ya madrasa, tukaondoka. Jioni tulikuta udongo umefukuliwa na kufukiwa tena, naye hayupo. Watoto wakapazungushia miiba ili kuku wasipafukue. Hakuna aliyewaamuru.

Enyi wazazi, mtoto akileta kinyonga nyumbani, msimkemee wala msimtishe. Mwulizeni kwanza: umemtoa wapi? Kisha mwende naye mkamrudishe.