Namba ya Kipuri na Kichujio cha Moshi wa Dizeli

Nyakato ni eneo la viwanda la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Miongoni mwa magari ya dizeli yapitayo hapo yamo yaliyokwisha kutumika Ulaya au Japani kabla ya kuletwa Afrika Mashariki. Baadhi ya magari hayo yana kipuri ambacho magari ya zamani hayakuwa nacho, yaani kichujio cha moshi kilichofungwa katika bomba la ekzosi. Kichujio hicho kinapohitaji kubadilishwa, mwenye gari hukabiliwa na fumbo la tarakimu na herufi. Fumbo hilo lina mantiki yake, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kulifumbua.

Kazi ya kichujio

Dizeli inapoungua mahali pasipo na oksijeni ya kutosha ndani ya silinda, sehemu ya kaboni yake hubaki kuwa masizi. Punje za masizi hayo ni ndogo mno, nazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kichujio ni kipande cha kauri chenye vijia vingi mfano wa sega la nyuki. Kijia kilicho wazi upande wa mbele kimezibwa nyuma, na jirani yake kimezibwa mbele. Kwa hiyo moshi hulazimika kupenya kuta zenye vinyweleo. Gesi hupita, masizi hunaswa. Masizi hayo huteketezwa mara kwa mara kwa joto la nyuzi 600 hivi za sentigredi. Lakini majivu yatokanayo na madini yaliyomo katika oili ya injini hayaungui. Hayo hujikusanya kidogo kidogo, hata kichujio kikahitaji kusafishwa au kubadilishwa.

Namba ni jina

Namba ya kipuri si kipimo cha ukubwa, wala si alama ya ubora, ni jina. Yafaa kuifananisha na majina ya kisayansi ya samaki wa Ziwa Victoria. Sangara huitwa Lates niloticus, na sato huitwa Oreochromis niloticus. Neno la kwanza hutaja jenasi, la pili hutaja spishi. Atakayesema "niloticus" peke yake hatakuwa amesema kama ni sangara au sato.

Ndivyo zilivyo namba za vipuri vya Toyota. Kwa kawaida huwa na alama 10 katika mafungu mawili ya alama tano tano. Fungu la kwanza hutaja aina ya kipuri: 17801 ni kichujio cha hewa, na 23390 ni kichujio cha dizeli iingiayo katika injini. Fungu la pili hueleza injini au muundo unaohusika, nalo laweza kuonekana katika vipuri vingi tofauti. Viwanda vingine vina taratibu zao, hivyo kanuni ya kiwanda kimoja isitumiwe kusoma namba ya kingine.

Kufanana hakutoshi

Vichujio viwili vyaweza kulingana kwa urefu na unene, lakini vikatofautiana kwa aina ya kauri, kwa kiasi cha platinamu iliyopakwa kuwa kichocheo, au kwa mahali pa kufungia vihisio, ambavyo mafundi huviita sensa. Kompyuta ya gari hulinganisha kanieneo ya moshi kabla na baada ya kichujio ili kujua kiasi cha masizi. Ikiwa kichujio kigeni kinauzuia moshi kwa kiasi tofauti na kile kilichokusudiwa, hesabu hiyo hukosewa. Masizi yakizidi kiasi kisha yakaungua kwa mkupuo, joto lake laweza kuipasua kauri au hata kuiyeyusha.

Utaratibu unaofaa

Kwanza, anza na namba ya gari lenyewe. Magari ya soko la Ulaya yana namba ya utambulisho yenye alama 17, isiyotumia herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Magari yaliyouzwa ndani ya Japani hutumia namba fupi zaidi ya fremu, yenye alama za modeli na namba ya mfuatano.

Pili, kwa namba hiyo, tafuta namba ya kichujio katika katalogi ya mtengenezaji. Namba iliyo juu ya kichujio cha zamani itumike kuhakikisha tu, kwa maana yawezekana kilichomo si kile kilichotoka kiwandani.

Tatu, uliza kama namba hiyo imekwisha kubadilishwa na mpya. Mtengenezaji akirekebisha kipuri aweza kukipa jina jingine. Namba mbili tofauti zaweza basi kuhusu kazi ile ile.

Wako wanaoona ni rahisi kukitoa kichujio na kuacha bomba tupu. Gari huendelea kwenda, lakini masizi hurudi barabarani, mahali ambapo wanafunzi hupita kila asubuhi.

Mwalimu aweza kuwaagiza wanafunzi wakusanye maboksi matupu ya vipuri kutoka gereji za jirani, kisha wayapange kwa mafungu ya namba. Watakuwa wanafanya kazi ile ile ya mwanabiolojia anayepanga samaki wake.